Kabichi Juu ya Jukwaa la Mama

Sehemu ya saba

Wiki nzima mmeniuliza, sokoni na kwenye simu: ni kweli mjomba alisema yale?

Alisema.

Mama alikata roho Jumanne alfajiri. Tukamzika Jumanne hiyo hiyo baada ya swala ya alasiri. Jua lilikuwa halijazama, na mjomba Abdulswamad alikuwa ameshagawa kiwanja.

Kiwanja chenyewe ni kile cha hapa kwetu Bigwa, mlima ukiwa mgongoni, chenye jukwaa la udongo. Jukwaa hilo alilishindilia bibi yangu Mwajuma kwa miguu yake, mwaka ambao kila nyumba iliamriwa kuchimba choo. Bibi alitunga mchezo wa kuwahimiza watu, akauita "Choo cha Bwana Harusi". Familia yetu imeucheza mchezo huo kwa zaidi ya miaka hamsini. Hatuna mwingine.

Waigizaji wa kwanza wa Bibi hawakujua kusoma. Kwa hiyo alikaa nyuma ya pazia la vitenge akawanong'oneza, neno kwa neno, nao wakayasema kwa sauti. Bibi alipofariki, mama yangu Mwanaheri akakaa pale pale, kwenye kigoda kile kile.

Sisi wa baadaye tumesoma. Mimi, Semeni, nina kidato cha nne. Binti yangu Raya yuko kidato cha tano Kilakala. Lakini nani ahangaike kukariri wakati maneno yanakuja yenyewe kutoka mgongoni? Ukisimama mbele ya pazia lile ukasikia mnong'ono, mdomo unafunguka. Hufikiri. Ni kama kupiga chafya.

Ndiyo maana ilitokea vile.

Wanaume walirudi kutoka makaburini. Pazia la Mama tulikuwa tumelitundika ili liwakinge wanawake na jua. Mjomba, kwa kuwa ndiye kaka wa marehemu na mkubwa wa ukoo, akasimama mbele yake ashukuru watu.

Nyuma ya pazia alikuwa Athanas.

Athanas ni mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu, na msibani mtani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Anavaa nguo za marehemu. Anaiga mwendo wake. Anaingia jikoni, anabeba sufuria ya wali, na hairudishi mpaka muikomboe. Siku hiyo alikuwa ameteremka kutoka Mgeta kwenye gari la mboga, akavaa khanga ya Mama, akakaa kwenye kigoda cha Mama.

"Ndugu zangu, nawashukuru kwa kuja," alisema mjomba.

"Na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa ukoo," likanong'ona pazia.

Nilisikia kwa masikio yangu. Ilikuwa sauti ya Mama kabisa.

"Na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa ukoo," alisema mjomba kwa sauti kubwa, mkono kifuani.

"Kiwanja hiki na jukwaa lake, kuanzia leo, ni mali ya mtani wetu Athanas."

"Kiwanja hiki na jukwaa lake, kuanzia leo, ni mali ya mtani wetu Athanas!"

Akainama kidogo, kama anavyofanya siku zote bwana harusi anapomaliza kusema.

Watu mia mbili walikuwa wamekaa kwenye majamvi. Kumi na wawili kati yao walikuwa wanarekodi.

Athanas akatoka nyuma ya pazia na khanga yake, akapiga vigelegele.

"Mjomba," nilisema, "umesema nini?"

"Nimeshukuru watu."

"Babu, umezingua," Raya alimwambia. "Umegawa kiwanja."

"Nani kagawa?"

"Wewe hapo. Subiri nikuoneshe."

Mjomba alijitazama kwenye simu ya mjukuu wake. Akajitazama mara ya pili. Kisha akauliza, "Huyu kavaa kofia yangu?"

Tulicheka. Siku ya kumzika mama yangu nilicheka mpaka nikashika ukuta, na sioni haya kuliandika hilo, maana kuchekesha wafiwa ndiyo kazi ya mtani. Mjomba mwenyewe alicheka. Akaenda bandani akamkamata jogoo, akamletea Athanas.

"Haya mtani, kiwanja chetu tumekikomboa."

Athanas alimgeuza jogoo juu chini.

"Huyu? Huyu mwenyewe ni mgonjwa, anahitaji kuombewa. Kiwanja kizima kwa jogoo mwenye mafua?"

"Basi sema unataka nini, mla magimbi we."

Hapo Athanas akaacha kucheka. Akaivua khanga ya Mama, akaikunja vizuri, akanikabidhi mimi.

"Nataka mchezo," alisema. "Siku ya arobaini. Mwanzo mpaka mwisho. Na asiwepo mtu wa kuwanong'oneza."

Kicheko kikakatika pale pale.

Kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyeujua mchezo.

*

Kesho yake asubuhi nilitoka kufagia nikamkuta Athanas yuko juu ya jukwaa, amekunja suruali, anapanda kabichi.

"Shikamoo, mzee Athanas. Unafanya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nalima shamba langu."

"Hilo ni jukwaa."

"Bibi yako alichagua udongo mzuri. Nyie mkaupoteza miaka hamsini kwa kuukanyaga."

Alipanda mistari sita, miche iliyoachana kwa futi moja na nusu. Akamwagilia kwa ndoo yetu. Akaturudishia ndoo, akapanda gari, akaenda zake Mgeta.

Baba yangu, Sufiani, alisimama mlangoni akatazama kabichi zile muda mrefu. Tangu arudi kutoka makaburini alikuwa hajasema neno zaidi ya "Alhamdulillahi" na "Hapana, nimeshiba." Nyumbani Baba ni mtu wa kimya. Jukwaani ndiye anayechekesha kuliko wote, maana yeye anacheza mama mkwe, amejifunga kitenge kifuani na kilemba kichwani. Ameucheza umama mkwe tangu akiwa na miaka ishirini na tatu.

"Tuzing'oe?" nilimuuliza.

"Zimwagilie," alisema Baba.

Bado tulidhani ni utani.

Siku ya tisa akaja Yustina.

Yustina ni dada yake Athanas, mama mnene mwenye kofia ya ushirika wa wakulima. Alikuja na kamba ya kupimia, vigingi vinne na nyundo. Hakubisha hodi. Alianza kupima kuanzia kwenye mwembe wa jirani.

"Mama, karibu," nilimwambia. "Unatafuta nini?"

"Mpaka."

"Mpaka wa nini?"

"Wa kiwanja chetu."

"Mama, ule ulikuwa utani."

Yustina akasimama wima, kamba mkononi.

"Utani ni wa Athanas. Kiwanja ni cha ukoo. Wewe mwenyewe ni Mluguru, unajua mali hufuata upande wa mama. Kaka yangu akipewa kitu, halipewi tumbo lake, linapewa tumbo la mama yetu. Na msemaji wenu ametamka mbele ya watu, na mimi ninayo hapa." Akanionesha simu. Mjomba alikuwa ndani yake, mkono kifuani, anagawa kiwanja.

"Mtakifanyia nini?"

"Ghala la karoti. Kutoka hapa mpaka sokoni ni karibu. Jukwaa nitaliacha, gari litapakilia hapo."

Nilimpigia Athanas. Simu iliita sana kabla hajapokea.

"Mzee Athanas, Yustina yuko hapa anapigilia vigingi."

Nilisikia kuku wake.

"Nilimwambia asije," alisema mwishoni.

"Mwambie basi kwamba ulitania."

"Nimemwambia. Amesema nikiwa nimetania, basi nimetania kwa faida ya ukoo." Akakohoa. "Semeni mwanangu, chezeni mchezo. Mkiucheza, hata Yustina hana la kusema. Sharti nililitamka mbele ya watu wale wale."

"Hatuujui!"

"Nyie? Miaka hamsini?"

"Hatuujui, mzee Athanas."

Akasema polepole, "Masikini Mwanaheri. Kumbe alikuwa ameubeba wote."

Akakata simu. Nikatazama vigingi. Kimoja kilikuwa katikati ya jiko letu.

*

Nilinunua daftari kubwa, kurasa tisini na sita. Usiku huo nikawakalisha wote sebuleni.

"Kila mtu aseme anachokumbuka. Naandika. Mjomba, wewe bwana harusi, unaingia unasema nini?"

Mjomba alivaa miwani. Akavua miwani.

"Nasema... nimekuja kuoa."

"Halafu?"

"Halafu nasikia linalofuata."

"Lipi?"

"Ningelijua ningelisema!"

Raya anacheza bibi harusi. Tangu mwaka juzi ndiye anayeolewa na babu yake kila Jumamosi, na hajawahi kukosa kumwambia kwamba angepata mwingine angemwacha. Yeye alikumbuka maneno saba, yote ya kulia.

Mimi ni mshenga, na mwishoni ninapiga ngoma. Nilikumbuka mengi kuliko wote. Baada ya siku kumi na tano tulikuwa na mistari sitini na mmoja. Mama alikuwa na zaidi ya mia tatu.

Kisa tunakijua, kila mtu hapa Bigwa anakijua. Bwana harusi anaambiwa hapewi mke mpaka achimbe choo. Anachimba choo kizuri mno, chenye mlango na dirisha na kitasa. Wakwe wanakuja kukikagua, kinawapendeza, wanahamia ndani. Bwana harusi anabaki nje na mvua inanyesha, anaomba ruhusa ya kujisaidia kwake mwenyewe. Kisa tulikuwa nacho. Tulichokosa ni maneno, na bila maneno ya Mama tulikuwa watu wanne wazima tunaozunguka kabichi.

Siku ya thelathini na mbili Raya akaingia ndani anakimbia.

"Mama! Ninayo! Ninayo kwenye simu!"

Mara ya mwisho tulipocheza, kule Mlali, alikuwa ameitia simu kwenye kikapu cha Mama nyuma ya pazia, na kumbe ilikuwa inarekodi.

Tuliiweka mezani. Mjomba akafunga mlango kana kwamba kuna mwizi. Raya akabonyeza.

Sauti ya Mama ilijaa chumba. Alikuwa karibu kabisa na simu, hata pumzi yake ilisikika, na kile kikohozi kidogo cha miezi ya mwisho.

"Mshenga, ingia," alinong'ona Mama. "Hodi wenyewe."

Kwa mbali, sauti yangu: "Hodi wenyewe!"

Niliandika.

"Sufiani, kitenge kinakudondoka."

Kwa mbali, sauti ya mama mkwe, nyembamba na yenye madaha: "Sufiani, kitenge kinakudondoka!"

Umati ulicheka kama mvua kwenye bati.

"Siyo hilo. Kifunge."

"Siyo hilo! Kifunge!"

Mjomba alimgeukia Baba. "Hayo siyo ya mchezo?"

"Nilidhani ni ya mchezo," alisema Baba.

"Umeyasema miaka mingapi?"

"Kila kitenge kilipodondoka."

Tulisikiliza mpaka mwisho. Zilikuwa dakika nne. Ndani yake kulikuwa na mistari tisa ya mchezo. Mengine yote yalikuwa ya kwetu: Semeni umekanyaga waya, Abdulswamad acha kujikuna, Raya simama wima mwanangu, umependeza. Na yote tulikuwa tumeyasema kwa sauti mbele ya watu wa Mlali, pamoja na Raya aliyejitangazia mwenyewe kwamba amependeza.

Halafu simu ikazimika pale mezani, chaji imekwisha. Sasa tulikuwa na mistari sabini, na siku nane.

"Ichaji," alisema Baba. "Rudisha mwanzo."

Raya aliirudisha. Baba akasikiliza.

"Rudisha tena."

Tulimwachia simu. Asubuhi nilimkuta amelala kwenye kiti, simu imelala kifuani kwake, imezimika tena.

*

Arobaini iliangukia Jumamosi. Hitima ilisomwa saa nne, wali ukaliwa saa saba, na saa tisa alasiri kiwanja kilikuwa hakina pa kuweka mguu. Hata siku za Bibi hakikuwahi kujaa vile. Video ya mjomba ilikuwa imefika Kilosa.

Yustina alikaa mbele, kwenye kiti cha plastiki. Kulia kwake alikaa mwenyekiti wa mtaa, shahidi. Kushoto alikaa Athanas, amevaa koti la kanisani, anatazama viatu vyake.

"Pazia liondoke," alisema Yustina.

"Mama, nyuma yake hakuna mtu."

"Basi halina kazi. Liondoke."

Tulilishusha. Yustina akalikunja akalikalia.

Kwa mara ya kwanza jukwaa lilikuwa wazi. Nyuma yake hapakuwa na kitu ila mlima. Kabichi zilikuwa zimeanza kufunga vichwa, mistari sita iliyonyooka, na mlango wa choo chetu cha maigizo, cha mabanzi, ulisimama katikati yake.

Nilipanda. "Hodi wenyewe!"

Raya akaitikia, "Karibu mshenga!"

Mambo yakaenda. Mistari kumi, kumi na miwili, watu wakaanza kupiga makofi. Kisha mjomba akaingia, mkono kifuani.

"Nimekuja kuoa!" alisema.

Akageuka kutazama nyuma.

Palikuwa na mlima.

Aliendelea kuutazama. Nilimwona shingo inamtoka jasho. Mtu mzima wa miaka sitini na saba, anasubiri dada yake aseme. Yustina akatoa simu yake akaanza kurekodi.

"Babu," alinong'ona Raya.

"Hakuna kunong'ona!" Yustina alipaza sauti.

"Basi nasema kwa nguvu!" Raya akajishika kiuno. "Wewe mzee! Umekuja kuoa, choo unacho?"

"Sio hivyo!"

Ilikuwa sauti ya Athanas. Alikuwa amesimama.

"Sio hivyo hata kidogo! Bibi harusi hasemi hapo. Hapo bwana harusi anasema: nimekuja kuoa, nimekuja na mikono miwili, mmoja wa kupokea mke, mwingine wa kushika jembe!"

Mjomba aligeuka kama mtu aliyevutwa na kamba.

"Nimekuja na mikono miwili! Mmoja wa kupokea mke, mwingine wa kushika jembe!"

"Athanas, kaa chini," alisema Yustina.

"Wanaharibu, Yustina! Sikiliza wanavyoharibu! Na mama mkwe anachelewa, hapo anakuwa ameshafika mlangoni. Sufiani, kitenge kinakudondoka!"

"Sufiani, kitenge kinakudondoka!" alisema Baba, na umati ukalipuka.

Basi ikawa hivyo. Athanas alikuwa amekuja kila Jumamosi kwa miaka thelathini kututukana kutoka safu ya mbele, na mtu hawezi kuutukana mchezo vizuri bila kuujua. Aliujua wote. Alikosea mjomba, akamrekebisha. Nilikosea mimi, akaniita mbumbumbu, kisha akanirekebisha. Alifoka, alipiga mguu chini, alilia machozi kabisa pale bibi harusi anapolia. Yustina alimvuta koti mpaka kishikizo kikaruka.

"Mwenyekiti!" Yustina alisimama. "Wananong'onezwa! Sharti limevunjika!"

Mwenyekiti alifikiri.

"Huyu anayesema ni wa familia yao?"

"Ni kaka yangu!"

"Ananong'ona?"

Athanas wakati huo alikuwa anapiga kelele kiasi cha kusikika barabarani.

"Mtani amekuja kuzomea," alisema mwenyekiti. "Amezomea tangu nikiwa mtoto. Siwezi kumkataza leo. Endeleeni."

Tukaendelea. Choo kilichimbwa. Wakwe walikikagua, wakakanyaga kabichi nne wakati wa kuhamia, watu wakapiga kelele za huruma kwa kabichi. Mjomba akabaki nje ya mlango. Raya akammwagia kopo la maji, ndiyo mvua yetu. Baba akatoa kichwa dirishani, kilemba kimepinda. Nilichukua ngoma. Yalibaki maneno ya mama mkwe, yale ya mwisho kabisa.

Nikamtazama Athanas.

Athanas alifungua mdomo. Akaufunga.

"Hapo sijui," alisema.

"Hujui vipi?" mjomba alimuuliza, maji yanamchuruzika.

"Gari la Mgeta linaondoka saa kumi na moja. Siku zote huwa naondoka mvua ikianza." Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Mwisho sijawahi kuuona."

Watu walianza kuulizana. Mama mkwe anasema nini mwishoni? Mmoja alisema anabariki ndoa. Mwingine alisema anaomba karatasi. Hakuna aliyekuwa na hakika, kwa sababu hapo ndipo ngoma inapigwa na watu wote wanacheka.

Na ngoma napiga mimi. Miaka ishirini na mitatu nimeyafunika maneno yale kwa mikono yangu.

"Sufiani," alisema Yustina, na sasa alikuwa anatabasamu. "Wewe ndiye uliyekuwa unayasema. Sema, mwisho wa mchezo upatikane. Semeni asipige ngoma."

Nikaiweka ngoma chini.

Baba alitoka ndani ya choo. Alipita katikati ya kabichi taratibu, akijishika kitenge, akafika ukingoni mwa jukwaa.

"Mwisho wa mchezo hauna maneno," alisema.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya nyumbani. Wengi walikuwa hawajawahi kuisikia.

"Mdomo wako unacheza," alisema mwenyekiti. "Mimi nimeuona."

"Unacheza tu. Ngoma ikianza, Mwanaheri alijua hakuna anayesikia. Alikuwa ananiambia mambo yetu. Nyumbani tulikuwa na watoto, wajukuu, wageni, hapakuwa na nafasi. Tulikuwa na dakika ile moja. Yeye anasema, mimi nachezesha mdomo watu wasijue."

"Kila Jumamosi?" nilimuuliza.

"Kila Jumamosi, mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Athanas alikuwa amekaa chini kwenye udongo na koti lake la kanisani.

Yustina peke yake hakulegea. "Na mara ya mwisho? Kule Mlali? Alikwambia nini?"

Baba alikiweka sawa kilemba chake.

"Kuhusu kiwanja hiki," alisema.

Uwanja mzima ulivuta pumzi. Mjomba alishika mlango wa choo ukaanguka.

"Sema basi!" Yustina alisogea. "Hayo ndiyo maneno ya mwisho! Sema, mchezo umalizike!"

"Ni maneno yangu na mke wangu."

"Usiposema, mchezo haujaisha. Usipoisha, kiwanja ni chetu!"

Baba akakunja kitenge chake vizuri, akakaa pale pale ukingoni, miguu inaning'inia.

"Sijakataa kusema," alisema. "Nafikiri kwanza."

Wote wakamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti alivua kofia, akaivaa tena.

"Sharti lilisema siku ya arobaini, mwanzo mpaka mwisho," alisema. "Arobaini ni leo, na mwanzo tumeuona. Lakini sikusikia mtu yeyote akitaja saa ya kumaliza. Kwa hiyo mchezo unaendelea. Akinyanyuka Sufiani kabla ya kusema, wameshindwa. Akinyanyuka Yustina kabla ya kusikia, ameondoka mwenyewe."

"Na chooni?" aliuliza Raya.

"Chooni ruhusa. Kwa zamu, na mwenzake anyamaze."

Yustina akakivuta kiti chake mpaka mbele ya magoti ya Baba. Akakaa. Akafumbata mikono.

Hiyo ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili kasorobo.

Leo ni Jumatatu. Baba bado amekaa ukingoni mwa jukwaa na kitenge cha mama mkwe, Yustina bado yuko mbele yake kwenye kiti cha plastiki. Saa moja asubuhi nimewapelekea chai na mihogo. Wote wawili wamekunywa, na hakuna aliyeinuka.